Mrejesho: Honda C70 ya mzee imeacha kupiga kelele

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: niliuliza kwa nini pikipiki ya marehemu baba, Honda C70, inagonga kama cherehani na kuishiwa nguvu mlimani, siku mbili tu baada ya fundi kuiseti tapeti (nafasi ndogo kati ya valvu na roka, vile vyuma vinavyozisukuma zifunguke).

Aliyeniambia nihakikishe pistoni ilikuwa juu kwenye kompresheni, yaani valvu zote zimefungwa, ndiye aliyepatia. Jana alfajiri, injini ikiwa baridi, nilitoa plagi na kava la kushoto, nikazungusha sumaku (gurudumu la pembeni mwa injini) kinyume cha saa mpaka herufi T, inayoonyesha pistoni iko juu, ikalingana na alama ya kwenye injini. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.05 ikapita vizuri kwenye valvu zote mbili. Nikashangaa, mbona ziko sawa? Nikazungusha mzunguko mmoja zaidi, T ikarudi, na hapo roka zikawa zinacheza kama jino bovu. Kumbe fundi aliseti kwenye T isiyo yake, ile ya mwisho wa kutoa moshi, ambapo valvu zote mbili huwa zimefunguka kidogo, badala ya ile ya kompresheni!

Kuseti upya kulinichukua saa nzima, maana kila nikikaza nati, skrubu nayo inazunguka na nafasi inapotea. Valvu ya egzosi, ya kutolea moshi, ndiyo balaa: kifuniko chake kiko chini ya silinda, oili ikanitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Kiki moja, ikawaka. Mlio umebaki ule mdogo wa kawaida, na mlima wa kwa padri nimeupanda na gia ya pili bila kuhema. Kifuniko cha chini bado kinavuja tone moja moja, kesho naenda kutafuta oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia oili.