Faharasa (index) ipo lakini ulizo (query) linaipita: niilazimishe au tukodi seva kubwa zaidi?

Mwenye_Jedwali: Ndugu wanajukwaa, nina jedwali la malipo lenye rekodi zipatazo milioni 6. Safuwima ya simu nimeiwekea faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, lakini kila ninapotafuta malipo ya mteja mmoja, jedwali lote husomwa. Kufikia Ijumaa natakiwa kuchagua: FORCE INDEX (amri ya kulazimisha faharasa itumike), au seva yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Mngechagua lipi?

Fundi_wa_Pwani: Hujatuambia ni kanzidata gani, safuwima ni ya aina gani, wala EXPLAIN (amri ya kuonyesha jinsi ulizo litakavyotekelezwa) imeonyesha nini. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli. Hata hivyo, anza na ANALYZE TABLE, amri ya kusasisha takwimu za jedwali, kwa kuwa takwimu zilizopitwa na wakati huharibu makadirio ambayo kanzidata huchagulia njia.

Mwenye_Jedwali: Niwie radhi. Ni MySQL 8.0, safuwima ni VARCHAR(15), yaani maandishi. Faharasa inatajwa kwenye possible_keys, lakini key ni NULL na type ni ALL, yaani ingeweza kutumika ila haikuchaguliwa, na jedwali lote linasomwa. Ulizo huishia WHERE simu = 0712…, namba nyingine nimezificha.

Dada_Takwimu: Basi tatizo ni hilo, kaka. Umelinganisha maandishi na namba, kwa hiyo MySQL hulazimika kugeuza kila thamani ya safuwima kuwa namba. Na kwa kuwa '0712', '712' na ' 712' zote huwa 712, mpangilio wa faharasa hauwezi kuonyesha pa kuanzia. FORCE INDEX haitaliondoa hilo, wala seva kubwa. Iweke namba ndani ya alama za kunukuu.

Mkongwe_wa_Seva: Nami nasisitiza: msiizoee FORCE INDEX. Mahali nilipofanya kazi zamani tuliiandika ndani ya ripoti ya mwisho wa mwezi, ikaenda vizuri kwa muda mrefu, hadi mwenzetu alipobadilisha jina la faharasa wakati wa kusafisha majedwali. MySQL haikurudi kwenye njia ya polepole. Ilikataa ulizo lote kwa kosa la 1176 (faharasa iliyotajwa haipo), na tulikesha tukipekua programu mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kwamba jina hilo liliandikwa.

Fundi_wa_Pwani: Ndiyo maana napendelea kanzidata ya PostgreSQL. Ulinganisho kama huo ingeukataa papo hapo, na haina amri ya kulazimisha faharasa.

Mkongwe_wa_Seva: Kuna kiendelezi cha pg_hint_plan kinachoiwezesha hivyo, ndugu, na watu hukitumia.

Mwenye_Jedwali: Nimeweka alama za kunukuu, type sasa ni ref (faharasa inatumika), na jibu linakuja mara moja. Ahsante sana, dada. Lakini ulizo la WHERE hali = 'IMELIPWA' bado linasoma jedwali lote, ingawa hali nayo ina faharasa.

Dada_Takwimu: Rekodi ngapi zina hali hiyo? Zikiwa nyingi, kusoma lote ndiyo nafuu, maana kila rekodi inayopatikana kwenye faharasa hiyo hudai safari ya pili kwenye jedwali.

Mwenye_Jedwali: Takriban tisa katika kila kumi, ila ripoti huhitaji za mwezi mmoja tu.

Mkongwe_wa_Seva: Basi jaribu faharasa moja ya (hali, tarehe).

Fundi_wa_Pwani: Mimi ningeweka ya tarehe peke yake, kwa kuwa hali haichuji chochote hapo. Tuletee EXPLAIN ya zote mbili.