Mjadala: Mahakama ya siri ya Tom Zarek ingepita mbele ya Katiba yetu ya Kenya?

Mleta hoja: Waliotazama Battlestar Galactica, tamthilia ya televisheni kuhusu binadamu wanaowakimbia angani maadui wao, roboti waitwao Cylon, wanamkumbuka Zarek, mfungwa wa kisiasa kutoka Sagittaron aliyepanda hadi kuwa makamu wa Rais Baltar. Watu walipotoroka New Caprica, sayari iliyokuwa imetekwa na Cylon, alishika urais kwa muda mfupi kabla ya kumwachia Roslin, aliyekuwa rais kabla ya Baltar. Katika muda huohuo akatia saini amri ya kuunda Circle, watu sita wa kuwahukumu kwa siri waliowatumikia Cylon. Ukipatikana na hatia, unatupwa nje ya chombo angani. Alikosea?

Wa Kayole: Hakukosea. Kesi za hadharani zingemfunga Roslin mikono muhula mzima. Zarek alibeba lawama mwenyewe. Na amri iliandikwa, ikatiwa saini, jinsi Kifungu cha 135 kinavyotaka uamuzi wa Rais.

Wakili, Ngara: Ndugu yangu, saini haimpi Rais mamlaka asiyokuwa nayo. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, Kifungu cha 159. Wala usikimbilie hali ya hatari: Kifungu cha 58 kinaipa siku 14, kuiongeza mara ya kwanza ni hadi thuluthi mbili ya Bunge la Taifa ikubali, na hata hapo haki ya kesi ya haki haiguswi. Kifungu cha 25 kimeifungia.

Tazama Circle walivyofanya kazi. Walipiga kura mshtakiwa hayupo, kisha wakamkamata na kumsomea mashtaka pale mlangoni. Jammer, aliyekuwa polisi wa Cylon, alijitetea kwamba ndiye aliyemwacha mfungwa aitwaye Cally atoroke, lakini kura ilishapigwa. Gaeta, aliyekuwa msaidizi wa Baltar, alikuwa amepigishwa magoti tayari alipotaja bakuli la mbwa alilotumia kama ishara kwa waliopinga Cylon. Hapo ndipo Tyrol, mmoja wa wale sita, alipong'amua kuwa huyu ndiye aliyekuwa akiwapenyezea siri za serikali ya Baltar. Mbele ya hakimu yeyote, jambo hilo lingejitokeza kwenye swali la tatu la utetezi.

Wa Kayole: Sawa, wakili. Lakini Roslin naye alitoa msamaha wa jumla na kuahidi tume ya ukweli. Huo mnausifu?

Wa Lang'ata: Mimi siusifu. Kwetu, msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 ni wa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, ombi liletwe, na kamati ya ushauri ipendekeze. Waliosamehewa na Roslin hawakuwa hata wameshtakiwa. Kesi ikishafunguliwa, anayeiondoa ni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma), tena kwa idhini ya mahakama (157). Angehitaji sheria ya Bunge, jinsi TJRC (Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano) ilivyoundwa kwa sheria ya 2008. Ripoti ya TJRC ilikabidhiwa Mei 2013, na utekelezaji wake kila mtu anaujua.

Wakili, Ngara: Naongeza hili: Gaeta huyohuyo baadaye aliungana na Zarek kufanya uasi, na Baraza la Kumi na Wawili, yaani baraza la wawakilishi, lilipomkatalia, Zarek aliamuru wapigwe risasi wote. Mtu wa amri za siri ni huyo.

Wa Kayole: La Baraza silitetei. Lakini nionyesheni majaji waliokuwepo wiki ile.

Wa Lang'ata: Walipomshtaki Baltar waliwapata wapi? Waliwachagua manahodha watano wa meli kwa bahati nasibu, kamanda wa jeshi Adama akiwamo, mshtakiwa akapewa wakili, na kesi ikaendeshwa hadharani. Baltar, aliyechukiwa kuliko Jammer na Gaeta wakijumlishwa, akaachiliwa kwa kura 3 dhidi ya 2.