Ngano ya mama mkwe imenishinda: mkate umetoka tofali, msaada tafadhali

NjombeBaridi:
Habari za jioni wapendwa. Mama mkwe amenishushia debe mbili za ngano kutoka Makete, mavuno ya mwaka jana, na maagizo juu: nisinunue tena mkate dukani, nioke. Wiki ijayo anakuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake, na atataka kuuona huo mkate.

Jumamosi nikapeleka sado moja mashineni. Nimerudi, nikakanda kama ninavyokanda maandazi: unga, hamira, sukari, chumvi, mafuta, maji ya vuguvugu. Saa mbili nzima donge limenitazama tu. Nikaoka hivyo hivyo, sufuria jikoni, makaa juu ya mfuniko. Chini umeungua, katikati unanata kisuni. Mwanangu akauliza kama ni wa kula au wa kujengea banda.

Hamira ni nzima, maandazi ya Ijumaa yaliumuka vizuri tu. Oveni sina. Nimekosea wapi?

Fundi_Spoku:
Tuma picha dada, banda langu la kuku limepungukiwa tofali tatu.

Natania. Ila niambie, pale mashineni aliyekutangulia alikuwa anasaga nini?

NjombeBaridi:
Baba mmoja na gunia lake la mahindi. Kwani inahusu?

BibiWaBweni:
Inahusu sana mwanangu. Mimi nimepikia bweni la shule huku Iringa miaka 22, kwa kuni, na mikate ya Jumapili ilikuwa yangu, kwa hiyo hilo tofali lako nalifahamu kwa sura.

Mashine haijifuti yenyewe. Ukisaga nyuma ya mtu wa mahindi, kilo ya kwanza inatoka nusu dona. Mahindi hayana ule utomvu wa ngano unaolifanya donge livutike na kushika hewa ya hamira. Nenda asubuhi kabla ya watu, au mwambie kijana apitishe kikombe chako kimoja cha ngano kwanza, hicho ukapikie uji. Mwambie pia aweke chekeche la matundu madogo, na asikoboe.

Kabla ya hapo pepeta kwa ungo, uchague mawe. Ngano ya kupura chini haikosi mawe, mimi jino langu la kulia liliondoka hivyo. Ukiona punje zina rangi nyekundu ya dawa, hiyo ni mbegu ya kupanda, usiile wala kuku usimpe. Na kama mama mkwe alichanganya dawa ya unga ya ghalani, muulize aliweka lini na pakiti inasema ungojee siku ngapi. Usimwonee haya, watoto wanakula hapo.

Usisage debe zote. Unga wenye kiini chake ukikaa sana unakuwa mchungu, saga wa wiki mbili. Ngano inayobaki, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ngano bado ina maji, irudishe juani. Isipoganda, itie kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye nailoni mbili ndani, ufunge kila nailoni peke yake, kwanza ya ndani, kisha ya pili. Fukusi anakufa kwa kukosa hewa, dawa ya nini tena.

Sasa donge. Unga ukitoka mashineni ni wa moto, uache upoe. Uchekeche mara moja utoe pumba zile kubwa tu, zile nyingine ndizo utamu. Pima gramu 500, tia maji mililita 350, koroga tu, funika nusu saa. Bila hamira, bila chochote! Hapa ndipo ulipokosea zaidi. Pumba zinakunywa maji polepole. Ukikanda kama maandazi, unaona donge limetosha, kumbe baada ya dakika kumi limekauka na haliwezi kupanda. Ndipo utie hamira vijiko vya chai 2, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari na mafuta vijiko vya chakula viwili viwili. Kanda dakika 15. Litanata mkononi, vumilia, usiongeze unga. Paka mafuta viganja.

Njombe mwezi wa saba nayo si mahali pa kuliacha donge mezani. Weka bakuli ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, funika kwa blanketi. Likiongezeka kwa nusu ya lilivyokuwa, litie kwenye kopo ulilopaka mafuta, lipande tena kidogo, uoke. Usingoje liwe maradufu, la pumba likipitiliza linadondoka.

Mngambo:
Bibi kamaliza. Mie wa Unguja niseme la moto tu. Wapalia makaa mengi chini kuliko juu, ndiyo maana umekuungulia. Chukua sufuria kuukuu zito, tia mchanga mkavu vidole viwili, ulipashe robo saa. Kopo la mkate likae juu ya mchanga, funika, kisha palia: juu makaa mengi, chini machache. Usifunue nusu saa ya mwanzo. Kwenye dakika 40 utoe, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama kigoma, umeiva. Na usiukate wa moto, kisu kitanata hata kama umeiva.

Mchele ukikubakia stoo, fanya mkate wa kumimina: roweka usiku, saga na tui, hamira, sukari na iliki, umimine. Huo hautaki kukandwa.

NjombeBaridi:
Shikamoo bibi. Naleta majibu.

Nimefika mashineni saa 12 na nusu asubuhi, wa kwanza. Kijana alinuna kubadilisha chekeche, nikamwongezea mia tano. Mkate wa kwanza niliutia maji kidogo kwa woga, ukatoka mzito lakini unalika. Wa pili nikafuata mililita zote, umepanda mpaka ukagusa mfuniko. Mchanga wa Mngambo ni kweli, chini hakuna hata doa.

BibiWaBweni:
Marahaba mwanangu. Mama mkwe je?

NjombeBaridi:
Amekula vipande vitatu na chai ya rangi, hakusema neno. Halafu akauliza pumba nimezipeleka wapi. Nilishawapa kuku wa jirani.