Siku ya mwisho ya safari yetu ya pwani iliishia topeni Tongoni, na kampuni inasema ni "hali ya bahari"

Wanajamvi, salaam.

Jambo hili limenikaa rohoni kwa wiki ya tatu sasa, na jibu nililopewa na kampuni juzi ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa historia. Tunaishi Mwanza. Tulilipia safari ya siku tano kwa boti ya kulala, kutoka Bagamoyo hadi Unguja na Pemba, kisha Pangani na kumalizia Tanga, ambako tungepanda ndege ya saa kumi jioni kwenda Dar es Salaam na kuunganisha nyumbani. Siku nne za mwanzo sina la kusema. Chakula kilikuwa kizuri na nahodha alikuwa mstaarabu. Malalamiko yangu ni ya siku ya tano peke yake.

Kwa mujibu wa ratiba tuliyopewa kwa maandishi, siku hiyo tungeshuka Tongoni saa nne asubuhi tuone magofu ya msikiti na makaburi, kisha gari litupeleke mapango ya Amboni, tule mjini, na saa tisa tuwe uwanja wa ndege. Stakabadhi inaonyesha shilingi 185,000 kwa kila mtu kwa siku hiyo tu. Mama ndiye aliyeichagua safari, na aliichagua kwa ajili ya Tongoni: miaka yote amesimama ubaoni akiwafundisha watoto wa watu habari za miji ya kale ya Waswahili, na makaburi yale zaidi ya 40 hajawahi kuyatia machoni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua maana yake: ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu, na kwa upande huu wa pwani maji ya bamvua huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Yaani kampuni ilipanga kutushusha kwenye ufuko wa mikoko katika saa ileile ambayo bahari haipo. Sisi wa Ziwa Victoria hatuyajui mambo haya, maana ziwa letu asubuhi na jioni liko palepale. Mimi nimeyajua baada ya kuumia. Lakini ndiyo sababu tuliwalipa watu wanaoyajua.

Boti ilitia nanga mbali, tukateremshwa na mizigo yetu yote kwenye kiboti kidogo. Kikakwama. Mabaharia wawili wakashuka kusukuma, tope likiwafika magotini, mpaka kikagoma kabisa, tukawa tumekaa juu ya tope jeusi huku mikoko tukiiona kwa mbali. Mume wangu na watoto walijaribu kutembea. Kiatu kimoja cha mwanangu kiko huko hadi leo. Mama, mwenye miaka 68 na goti lililofanyiwa upasuaji, alibaki ameketi kwenye ubao na mwavuli wake, begi lake likielea nusu katika maji yaliyotuama ndani ya kiboti. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hawa si watu wa bahari?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Maji yalirudi ya kutosha saa nane kasorobo. Dereva aliyekuwa akitusubiri alisema tukisimama magofuni tutaachwa na ndege, kwa hiyo Tongoni tukaipita kama watu wanaofukuzwa. Amboni, iliyo upande wa pili wa jiji, hakuna hata aliyeitaja. Uwanjani begi la mama lilipima kilo 19 badala ya 15 zinazoruhusiwa, kwa sababu ya khanga zilizolowa. Hivyo maji ya bahari ya Tanga nimeyalipia nauli hadi Mwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kampuni hii inajua. Siku moja kabla walitufikisha Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani ambacho hutokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa, na pale walihesabu saa barabara, tukaondolewa kabla mawimbi hayajatugusa miguu. Isitoshe, boti ile ingeweza kuingia ghuba ya Tanga tukashukia mjini, kisha tukarudi Tongoni kwa gari, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya Pangani. Baharia mmoja alitueleza waziwazi kwamba walikuwa wanawahi kuchukua wageni wengine.

Jibu la kampuni lina mistari mitatu: "hali ya bahari" ni jambo lililo nje ya uwezo wao, kwa hiyo hakuna fedha itakayorudishwa. Dhoruba ingekuwa nje ya uwezo wao, ningenyamaza. Kupwa na kujaa kwa maji huhesabiwa kwa mwezi, na jedwali la mwaka mzima hutoka kabla mwaka wenyewe haujaanza. Kujitetea kwa hilo ni sawa na mwenye basi kukwambia amechelewa kwa sababu jua lilizama.

Ninadai shilingi 925,000 za siku ile, pamoja na malipo ya kilo zilizozidi. Nimewaandikia tena jana, nikaambatisha jedwali la maji la mwezi ule, na nimewapa siku 14 kabla sijapeleka shauri Tume ya Ushindani. Hadi siku hizo zipite sitaitaja kampuni hapa. Aliyewahi kudai fedha za safari kupitia Tume hiyo na akalipwa, ninaomba anieleze alipeleka vielelezo gani.