Namba ya toleo iliyonaswa kwa ruwaza: inatosha kuihukumu programu?

Mtoa mada: Wakuu, vikaguzi vingi vya usalama hupekua mafaili, hunasa namba ya toleo kwa ruwaza (regex, yaani mchoro wa alama wa kutafutia maandishi), kisha hutangaza kwamba programu ina tundu la usalama. Mimi nasema namba hiyo ni dokezo tu. Tazameni OpenSSL, maktaba ya usimbaji, kwenye Debian 11 (aina ya Linux) mwaka 2023: maandishi ndani ya maktaba yalisema 1.1.1n, 15 Mar 2022, ilhali kifurushi kiliitwa 1.1.1n-0+deb11u5. Habari yote iko mkiani, kwenye u5. Debian huchukua viraka vya usalama vya baadaye na kuvishona kwenye toleo lile lile la zamani. Anayeishia kwenye 1.1.1n atapiga yowe kwa tundu lililokwisha kuzibwa.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hapo nakupinga. Kosa ni la mwandika ruwaza. Wengi huandika `[0-9]+.[0-9]+.[0-9]+` bila mkwaju wa nyuma kabla ya nukta. Nukta tupu hupokea herufi yoyote, hivyo hata 12345 inapita. Ukirekebisha kuwa `\.`, bado anwani 192.168.1.1 inakupa "toleo" 192.168.1. Ifunge kwa neno la jirani: `OpenSSL ([0-9]+\.[0-9]+\.[0-9]+[a-z]*)`. Ukiacha `[a-z]*`, 1.1.1n na 1.1.1w zote zinageuka 1.1.1.

Mchangiaji wa 2: Na msilinganishe kama maandishi, maana 1.10.0 itaonekana ya zamani kuliko 1.9.0. Kata kwenye nukta, linganisha tarakimu.

Mtoa mada: Ruwaza hiyo ni safi, ila haijagusa hoja yangu. Kumbukeni Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, na tundu lake la Desemba 2021, CVE-2021-44228. Kuna waliofuta JndiLookup.class, class iliyoshambuliwa, ndani ya jar (kifurushi cha mafaili ya Java): njia ya shambulio ikafungwa, lakini faili la maelezo humo, pom.properties, bado linasema version=2.14.1. Kinyume chake ndicho kinachonitisha zaidi. Log4j ikimezwa ndani ya jar nyingine, jina la faili la nje halina namba ya Log4j, na ruwaza inapita kimya. Lazima ufungue jar, na jar zilizomo ndani yake, uitafute class yenyewe.

Mchangiaji wa 1: Kwa vifurushi nakubali, aulizwe kwanza meneja wake, kwenye Debian ni dpkg: `dpkg-query -W libssl1.1`. Lakini maktaba iliyonakiliwa kwa mkono ndani ya /opt dpkg haiijui kabisa. Huko ukiitupa ruwaza unabaki na nini?

Mtoa mada: Siitupi. Nataka ripoti iandike "inashukiwa", pamoja na njia ya faili na mstari ulionaswa, mpaka mtu ahakikishe.