Naomba ushauri: majivu ya kiwanda cha sukari kwenye barabara ya udongo wa mbuga

Wakuu, heshima kwenu.

Nasimamia kazi ndogo ya barabara ya kijiji bonde la Kilombero, kilomita mbili na ushee. Kuna kipande cha kama mita 400 ni udongo mweusi wa mbuga. Mnaujua ule: kiangazi unapasuka mguu unazama, masika unavimba na kumeza hata trekta. Kuutoa wote na kuleta kifusi kutoka mlimani, bajeti haitoshi.

Kuna kiwanda cha sukari si mbali, kinachoma makapi ya miwa kwenye boila na majivu yanarundikwa tu. Nafahamu majivu hayo yana silika nyingi, ila peke yake hayashiki. Yanahitaji chokaa ndipo yagande kama saruji.

Sasa waliowahi kufanya: mlichanganya chokaa asilimia ngapi na majivu asilimia ngapi? Majivu yenye weusi mwingi, yaani makaa ambayo hayakuungua vizuri, mliyachekecha au mliyachoma upya? Na mchanganyiko mliuacha siku ngapi kabla ya kupima CBR iliyolowekwa, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo baada ya kulowekwa majini?

Fundi mmoja ananishawishi nitumie mabaki ya tanuru la chuma badala yake. Naogopa, maana yakiwa mabichi, yaani hayajakaa nje muda mrefu, yana chokaa huru inayovimba yakipata maji, na mimi nakimbia uvimbe huo huo.

Sampuli za udongo nimeshachukua, maabara nakwenda Jumatatu. Niombe vipimo gani vya ziada?