Jeli ya alovera na chai ya kijani kwa ngozi iliyounguzwa na jua: mbona inageuka kahawia na kuwasha?

Mdadisi_Umoja: Wadau, habari zenu. Naandaa utafiti wa diploma kuhusu jeli hii. Jani namenya, nasaga kwenye blenda, nachanganya na chai vuguvugu. Ikikaa inageuka kahawia na kunuka, na ikipakwa inawasha. Shida iko wapi?

Fundi_Losheni: Kinachowasha ni utomvu wa njano ulio chini tu ya ganda, una aloini. Kata jani shinani, lisimamishe kwa upande uliokatwa dakika 15 au zaidi, mpaka liache kuchuruzika. Ndipo utoe miiba, umenye, usuuze nyama hadi maji yasiwe na unjano. Hata ukijani mwembamba ukibaki, ukwangue. Blenda itausambaza kote.

Rangi ya kahawia ni katekini za chai (kemikali zake za asili) zinazooksidika, yaani zinazobadilishwa na hewa. EGCG, katekini kuu ya chai ya kijani, huharibika haraka pH (kipimo cha uasidi) ikikaribia 7, na joto huzidisha. Sufuria ya chuma huitia weusi, kwa hiyo tumia glasi au stenlesi. Shusha pH hadi 4.5 kwa asidi ya sitriki ya unga, pima kwa karatasi, kisha tia potasiamu sobeti gramu 2 kwa lita. Hiyo ndiyo ya kuzuia ukungu, lakini pH ikipita 6 karibu haifanyi kazi. Chai iingie ikiwa imepoa. Weka kwenye chupa ya rangi, ndani ya friji.

Mdadisi_Umoja: Asante sana. Maji ya ndimu hayawezi kushika nafasi ya sitriki?

Fundi_Losheni: Hapana, ndugu yangu! Ndimu ina furanokumarini. Ikikutana na jua ngozini huleta malengelenge na madoa meusi ya wiki nyingi.

Mfamasia_Ngara: Litazame na swali lenyewe. Polifenoli za chai ya kijani (kundi lenye hizo katekini) zimeonekana kupunguza wekundu zikipakwa *kabla* ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi. Kutibu baada ya kuungua ni jambo jingine, na hata kwa alovera matokeo yanapingana. Wekundu hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, halafu hupungua wenyewe. Usipokuwa na jeli ileile isiyo na chai ya kulinganisha, utaisifu chai kwa kazi iliyofanywa na muda tu.

Tafadhali usiwaambie wenye ualbino kwamba inachukua nafasi ya losheni ya kukinga jua. Nairobi iko jirani na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Miale ni mikali hata kukiwa na baridi. Na kabla hujampaka mtu yeyote, pata idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti. Mwenye malengelenge asiingizwe, apelekwe kliniki.